Karibu Tena

Siku ya kwanza Mlekwa hakunipa randa.
Alinipa kiti cha plastiki, kibanda chetu kikitazama
ukuta wa nyuma wa hospitali ya Kitete, akasema:
"Kaa hapo, Nyamizi. Jifunze kwanza yasiyosemwa."

Mtu akija, humkaribishi kwa meno.
Akiuliza bei, unataja moja tu;
hapa hatupatani kama dagaa.
Akilipa, huhesabu mbele yake.
Ikipungua, imepungua.
Na akigeuka kwenda,
hata kama mama yako aliuza vitumbua Isevya
akakulea kwa maneno hayo mawili,
usimwambie karibu tena.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisha kupima.
Huulizi marehemu alikuwa na urefu gani.
Unauliza alilalia kitanda cha ngapi kwa ngapi,
miguu ilifika wapi.
Shemeji anaonyesha hewani, mkono unatetemeka,
nami naongeza inchi mbili
kwa ajili ya huo mtetemeko.

Unauliza na mlango. Hili nililijua kwa aibu:
Kanyenye, nyumba yenye ukumbi wa kona,
sanduku langu la kwanza likagoma katikati,
wanaume sita wakiambiana inua, shusha, kwako, kwangu,
hadi Mlekwa akang'oa mwimo kwa nyundo.
Jioni alirudi peke yake kuupigilia.
Hakunigombeza. Kesho yake alinituma
nikapime milango ya mtaa mzima.

Mninga ukipasuliwa hunukia,
vumbi lake jekundu hulala kwenye nyusi.
Wenye nacho huchukua mninga,
wengine paina, tunaipaka vanishi mara mbili,
ya tatu bure. "Udongo hausomi bei," husema Mlekwa.
Wa Gongoni hufuata viunza tu,
hawataki msumari wala vanishi,
wanabeba begani, haraka, kabla ya alasiri.

Yale ya futi mbili hatuyaweki nje.
Yanakaa chini ya meza, chini ya gunia la tumbaku,
na daftari halina ukurasa wake.

"Biashara vipi?" wananiuliza sokoni.
Nikisema nzuri, wananitazama.
Nikisema mbaya, wananiambia nimshukuru Mungu.
Siku hizi nasema "Tupo,"
neno pana, halimbani mtu.
Mama naye hataki niguse kinu chake
kabla sijanawa hadi kwenye viwiko.
Unga huu na ule, anasema, visijuane.

Mwezi wa tano, arobaini imeshapita,
akaja yule mjane wa Kanyenye.
Nilisimama, nikaweka uso wangu wa kazini.
"Mlango," akasema. "Tangu siku ile unakwama.
Usiku nausukumia gunia la mpunga."

Mlekwa alinipa randa.

Nikakwangua kidogo, nikafunga, nikafungua,
nikakwangua tena. Maganda yakajikunja miguuni,
kuku wake akayadonoa, akayatema.
Mwisho mlango ukaingia mahali pake
bila sauti, kama mtu anayefumba mdomo.
Hakuuliza bei. Alinipa chupa ya asali,
nyeusi, ya pori la miombo, ina nyuki mmoja ndani.

Nimeshafika uani nikamsikia nyuma yangu,
kwa ulimi uliozoea wageni:
"Haya mwanangu, karibu tena."

Tukasikia wote wawili.
Akaziba mdomo kwa khanga.
Mimi, niliyefundishwa miezi saba yasiyosemwa,
sikuwa nimefundishwa la kujibu.

Mabega yake yakaanza kutikisika.
Nikadhani analia, nikatua chupa chini nimfuate,
kumbe anacheka, anacheka mpaka anainama,
ameushika mwimo ule ule kwa mikono miwili,
nao haukutikisika.